Kusitiri si Kuficha

Katika mazungumzo ya kila siku sisi walimu wa Kiswahili huyatumia maneno matatu kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja: kufunika, kuficha na kusitiri. Mwanafunzi akiulizwa maana ya mojawapo hujibu kwa kutaja jingine, nasi aghalabu humpa alama yake na kuendelea na somo. Walakini maneno haya hayalingani. Mpishi hufunika chungu, mwizi huficha mali, na muungwana humsitiri mwenzake. Anayefunika hatujaijua bado nia yake, anayeficha tunamshuku, anayesitiri tunamshukuru. Tofauti hiyo tulikuwa tukiijua kwa ulimi miaka mingi. Tulikuja kuijua kwa mikono mwaka juzi, tulipokuwa tukishughulika na rangi ya chasisi ya gari kuukuu, na habari hiyo ndiyo tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu.

Huenda msomaji akastaajabu na kuuliza: chasisi ya gari ina nini cha kuwafunza watu wa lugha? Tunamwomba atuvumilie. Swali lililotukabili chini ya gari lile ni swali la zamani sana, nalo humkabili kila mtu anayetengeneza kitu ili mwingine akitumie: je, mahali pasipoonekana panatudai nini?

Habari ya gari lenyewe

Shule tunayofundisha, hapa Uganda, ilikuwa na gari la Land Rover lililoundwa katika miaka ya sabini. Wakongwe wa shule wanalikumbuka likileta mahindi na maharagwe ya bweni, likiwakimbiza wagonjwa hospitali usiku wa manane, na likirudi na wachezaji waliofungwa mabao mengi wakiimba kana kwamba wameshinda. Baadaye lilizeeka, likaachwa nyuma ya jiko, kuku wakataga chini yake. Shule ilipokaribia kutimiza miaka hamsini, wanafunzi wa zamani walichanga fedha ili gari lifufuliwe, lipite mbele ya wageni siku ya sherehe, kisha liuzwe, na fedha za mauzo zinunue kamusi za maktaba. Nasi tukateuliwa kuwa katika kamati ya kuisimamia kazi hiyo.

Yafaa tueleze kidogo jinsi magari ya namna hii yalivyoundwa, maana bila hivyo jambo letu halitaeleweka. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma cha pua kilipatikana kwa mgao. Waundaji wakaamua kuifanya bodi kwa mchanganyiko wa alumini, ambayo haikuwa adimu kiasi hicho, na chuma wakakiweka kwa ajili ya chasisi, yaani kile kiunzi cha chini kinachobeba injini, bodi, mzigo na abiria. Chasisi yenyewe ilitengenezwa kwa mabamba yaliyochomelewa pamoja yakawa kama sanduku refu, jembamba, lenye uwazi ndani. Mpango huo haukuachwa hata vita viliposahauliwa, na gari letu liliundwa vivyo hivyo.

Matokeo yake ni haya. Alumini haipatwi na kutu ile nyekundu, lakini chuma hupatwa. Tope hunasa juu ya chasisi na katika maungio yake, maji huingia ndani ya lile sanduku na kukosa pa kutokea, na kutu huanza kula kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo gari laweza kukaa miaka arobaini bodi yake ikiwa nzima, milango ikifunga vizuri, huku uti wake wa mgongo ukiliwa kidogo kidogo. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hawakuwa wameliona gari, lakini walilijua tatizo.

Gari tulilipeleka Katwe, mtaa wa Kampala unaosifika kwa wafua vyuma na wachomeleaji wake. Fundi wetu, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, aliiondoa bodi, akaiosha chasisi, akachukua nyundo ndogo na kuanza kuigonga hatua kwa hatua, kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima huitika kwa sauti kali, kama kengele ya mbali. Chuma kilicholiwa hujibu kwa sauti nzito iliyozibwa. Kila alipoisikia sauti ya pili alitia alama ya chaki. Alama zilikuwa chache, nasi tukaanza kufurahi. Ndipo alipofika nyuma, mahali springi inaposhikwa na chasisi. Pale nyundo haikutoa sauti yo yote. Ilizama, kama inavyozama katika papai bivu.

Fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika kwa injini na breki. Fundi alitupa njia mbili na bei ya kila njia. Ya kwanza, kukata sehemu yote iliyooza hadi kufikia chuma kizima, na kuchomelea bamba jipya lenye unene ule ule. Ya pili, kuziba tundu kwa kipande cha bati, kulisawazisha kwa puti, kisha kupaka rangi nyeusi juu ya yote. Njia ya pili ilikuwa rahisi mno. "Walimu," alituambia, "rangi nyeusi haina maswali. Ikikauka, hata mimi mwenyewe sitapajua."

Hatumsemi fundi yule kwa ubaya. Alituwekea mezani njia zote mbili kama alivyozoea kuwawekea wateja wote, na wateja wengi huchagua ya pili. Tunalosema kwa aibu ni juu yetu wenyewe. Hatukukataa papo hapo. Tulimwambia tutakwenda kushauriana, na njiani tulikuwa tukipiga hesabu ya kamusi.

Hoja ya mnunuzi mwenye macho

Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana: mfanyabiashara aliyetaka gari la kubebea viazi kutoka milima ya Kisoro. Sote tuliojua barabara za huko tulijua pia kwamba gari linaloshuka na viazi haliachi watu kupanda juu ya magunia.

Katika mkutano wa kamati, mwenzetu mmoja aliitetea njia ya pili, nasi tungependa kuieleza hoja yake kwa haki, kwa kuwa haikuwa hoja ya mjinga. Alisema: mnunuzi ana macho, na akitaka atakuja na fundi wake. Hakuna atakayemwambia uongo. Hatutasema kwamba chasisi ni nzima. Hatutasema lo lote. Tutapaka rangi tu, na gari gani linalouzwa bila kupakwa rangi? Zaidi ya hayo, fedha hizi ni za watoto. Je, ni haki kuwanyima watoto kamusi kwa ajili ya kipande cha chuma ambacho pengine kitadumu miaka mingine kumi?

Hoja hii ina umri mkubwa. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 K.K., anaeleza ubishi wa wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na Antipater. Waliulizana juu ya mtu anayeuza nyumba huku akijua kuwa mbao zake zimeoza na iko karibu kuanguka, nalo jambo hilo halijui mtu mwingine. Je, hana budi kumwambia mnunuzi? Diogenes alisema kuwa muuzaji hudaiwa kutaja yale tu yanayotakiwa na sheria, na asidanganye. Kunyamaza si kuficha, na hakuna aliyemlazimisha mnunuzi kununua. Antipater alijibu kuwa kumwacha mtu aingie hasarani kwa kutojua ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea. Cicero mwenyewe anaamua upande wa Antipater, na sababu yake yafaa kukumbukwa: si kila kunyamaza ni kuficha, ila ni kuficha pale unapotaka, kwa faida yako, wasijue wale ambao wana haja ya kujua.

Wasomaji wetu wengi wataikumbuka pia habari iliyopokewa katika hadithi za Mtume wa Uislamu, ya mfanyabiashara wa sokoni aliyekuwa na fungu la nafaka. Mtume alitia mkono ndani ya fungu lile, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka nafaka iliyolowa juu ili watu waione. Tunaona kwamba hakulaumiwa kwa sababu ya mvua. Nafaka ya ye yote yaweza kunyeshewa, na chuma cha ye yote chaweza kupata kutu. Alilaumiwa kwa mpangilio: kikavu juu, kibichi chini.

Nasi tulipozidi kutafakari tuliona kuwa rafiki yetu alikosea katika neno moja dogo, pale aliposema "tutapaka rangi tu." Kupaka rangi mahali pale hakukuwa kunyamaza. Lau tungeliacha tundu wazi bila kusema kitu, hapo tungeweza kudai kuwa tumenyamaza. Lakini anayeziba tundu kwa puti, akalilainisha kwa msasa, akalipaka rangi ile ile ya chuma kilicho kizima, huyo amesema. Amemwambia kila atakayechungulia chini ya gari: hapa pana chuma. Ametoa kauli ndefu kwa mkono wake, na kauli hiyo ni ya uongo. Kwa hiyo hata Diogenes, aliyewapa wauzaji nafasi kubwa, asingekuwa na pa kutuhifadhi. Lugha yetu inaujua uongo wa namna hii. Husemwa kuwa mtu amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa: mkono umepita juu yake, na mafuta yamebaki ndani.

Kwa nini tusiache chuma kitupu?

Hapo mwenzetu mwingine, kijana mwenye moyo safi, aliruka upande wa pili. Alisema: ikiwa rangi yaweza kusema uongo, basi tusipake rangi kabisa. Chasisi na ibaki kama ilivyo, kila mwenye macho aone kila kovu. Alikumbusha kuwa wako watu wanaotunza magari ya kale ambao hukataa kuyapaka rangi mpya, wakisema kuwa mikwaruzo na rangi iliyofifia ni historia ya gari, na kuifuta ni kuufuta ushahidi.

Wazo hili linavutia, na kwa bodi ya gari linalokaa katika jumba la makumbusho huenda likafaa. Kwa chasisi ya gari litakalofanya kazi halifai, na sababu yake iko katika maumbile ya chuma. Chuma, hewa na unyevu vikikutana hufanya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huvimba, hupasuka na kubanduka, na chini yake chuma kipya hubaki wazi kuliwa tena. Kutu ya chuma haifungi mlango nyuma yake, tofauti na ile ya alumini ambayo hutanda kama ngozi na kuilinda iliyo chini. Aidha, chuma kilichosuguliwa vizuri hadi kikang'aa ndicho kinachoshambuliwa haraka kuliko vyote. Katika hewa yenye unyevu kama yetu, saa chache tu zatosha kukifanya kipate rangi ya chai.

Basi hili ndilo jambo tulilojifunza, na kwetu lilikuwa jipya. Uaminifu hauwezi kuwa ni kuacha kila kitu uchi. Chuma kisichofunikwa hufa. Mwenye kutaka kukiokoa hana budi kukifunika, na akiisha kukifunika hakuna tena awezaye kuona kilivyo. Mnunuzi atalazimika kuamini. Hatuwezi kuikwepa imani hiyo kwa kukataa kufunika, kama tusivyoweza kuacha kuvaa nguo ili kuthibitisha kuwa hatuna vidonda.

Kwa hiyo tofauti ya kusitiri na kuficha haimo katika rangi. Kopo ni lile lile, brashi ni ile ile, na weusi ni ule ule. Sisi tunaiona katika mambo mawili. La kwanza ni kujiuliza kufunika kunamfaa nani: anayesitiri hukilinda kile kilichofunikwa, na anayeficha hujilinda yeye mwenyewe. La pili ni kujiuliza nani amezuiwa kuona: anayesitiri huwazuia wasiohusika, na anayeficha humzuia yule yule mwenye haki ya kujua. Rangi iliyopakwa juu ya chuma kizima hukilinda chuma na mvua. Rangi iliyopakwa juu ya puti haimlindi mtu ila muuzaji. Na chuma kilicho chini yake huoza upesi zaidi, maana unyevu uliofungiwa ndani hauna pa kwenda.

Saa ya chuma kitupu

Kamati ilikubaliana, baada ya mkutano wa pili uliokuwa mrefu kuliko wa kwanza, kwamba sehemu iliyooza ikatwe. Tulikwenda tena Katwe, na mara hii tulikaa kutazama kazi.

Fundi alikata hadi akafikia chuma kinachong'aa pande zote, akachomelea bamba jipya, akalisawazisha. Kisha chasisi nzima ilisuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, na pembe ambazo brashi haikufika zilikwanguliwa kwa patasi. Ikapanguswa kwa thina ili kuondoa mafuta, maana rangi haishiki penye mafuta, na tuliagizwa tusiiguse kwa mikono mitupu. Baada ya hapo huja rangi ya kwanza, ile nyekundu ya kukinga kutu. Nayo peke yake haitoshi: hupenyeza unyevu ikiachwa bila kufunikwa, na wengi wanaodhani kuwa wamemaliza kazi wakiona wekundu wake hujidanganya. Juu yake hupakwa rangi nyeusi, mara mbili au tatu, kila tabaka likiwa jembamba na likisubiriwa likauke. Tabaka moja nene hukauka juu, likabaki bichi chini, kisha likapasuka. Mwisho, ndani ya lile sanduku la chasisi humiminwa mafuta mazito au nta kupitia matundu yake, ili ule upande ambao hakuna brashi itakayoufikia nao upate hifadhi. Vitundu vya chini vya kutolea maji havizibwi. Nambari iliyogongwa kwenye chasisi haifukiwi kwa rangi, maana ndiyo jina la gari. Na mahali waya wa betri unapofungwa kwenye chasisi huachwa chuma kitupu, kwa kuwa umeme haupiti penye rangi.

Kati ya msasa wa mwisho na rangi ya kwanza kulikuwa na muda mfupi, yapata saa moja. Fundi alitaka kuanza kupaka mara moja, naye alikuwa na haki, maana mawingu yalikuwa yakikusanyika. Tulimwomba atupe nusu saa. Tulikuwa tumemwita mnunuzi, naye alikuwa njiani. Alipofika tulimwonyesha chasisi ikiwa uchi kabisa: mahali palipokuwa pazima, mahali palipoliwa juu juu tu, na kile kiraka kipya ambacho mshono wake ulikuwa bado unaonekana kama kovu la mshale. Aliinama, akagonga kwa nyundo ya fundi, akasikiliza. Tulipiga picha. Kisha chasisi ikapakwa rangi, na tangu saa ile hakuna aliyeiona tena.

Tunadhani kuwa nusu saa ile ndiyo iliyobeba uaminifu wa kazi nzima. Kila kitu kinachotengenezwa vizuri kina saa kama hiyo, kati ya kusafisha na kufunika, ambapo ukweli uko wazi na bado mtu aweza kuitwa auone. Saa hiyo ni fupi, na hairudi. Anayetaka kuficha huipitisha haraka mlango ukiwa umefungwa. Anayetaka kusitiri humwita mwenye haki, kisha ndipo huchukua brashi.

Je, ni gari lile lile?

Yuko atakayesema kuwa kwa kukata na kutia bamba jipya tuliliharibu gari la kale, na kwamba afadhali kiraka kifichwe ili gari libaki, machoni pa watu, kama lilivyotoka kiwandani. Hoja hii nayo ina kisa chake cha kweli.

Gari la mashindano la Bentley lililoitwa Old Number One lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, nchini Ufaransa, mwaka 1929, na tena mwaka 1930. Baadaye lilibadilishwa mara nyingi: chasisi, injini na bodi havikubaki vile vilivyokuwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini London iliamua kesi juu ya mauzo yake, ambayo bei yake ilikuwa pauni milioni kumi. Mnunuzi alidai kuwa alichouziwa si gari lile lililoshinda, kwani vyuma vyake vya awali vilikuwa vimebaki vichache mno. Jaji Otton hakukubali. Aliona kuwa gari lile haliwezi kudai kuwa na vyuma vyake vyote vya awali. Lakini lilikuwa ndilo, kwa sababu historia yake haikukatika mahali po pote, na kila badiliko lilikuwa sehemu ya maisha yake.

Sisi si wanasheria, wala gari letu la kubebea maharagwe halilingani na lile la pauni milioni kumi. Hata hivyo tunapata somo hapo. Kilichoufanya utambulisho wa gari lile udumu ni mlolongo wa habari uliowezesha kusema lini lilibadilishwa na kwa nini. Badiliko linalosimuliwa huingia katika historia ya kitu. Badiliko linalofichwa huikata historia hiyo. Kiraka chetu kingefichwa, gari lingekuwa na uongo mmoja mwilini mwake, na tangu hapo hakuna sehemu nyingine yo yote ambayo mnunuzi angeweza kuiamini. Kwa kuwa kilisimuliwa, ni sehemu ya maisha ya gari kama zile safari za hospitali usiku. Zile picha tulizibandika katika daftari, tukaandika tarehe chini ya kila moja, na tukampa mnunuzi pamoja na ufunguo.

Gharama yake

Tungependa kuwaambia wasomaji kuwa wema wetu ulilipwa. Haukulipwa. Mnunuzi alishukuru kwa kuonyeshwa, kisha akapunguza bei kwa sababu ya kile alichoonyeshwa. Alituambia waziwazi kuwa gari lenye kiraka ni gari lenye kiraka. Tulikuwa tumekusudia kununua kamusi arobaini. Tukanunua ishirini na tano. Kuna darasa ambalo wanafunzi watatu hushirikiana kamusi moja mpaka leo, na mmoja wetu hulifundisha darasa hilo kila Jumanne.

Hatusemi hayo kwa kulalamika. Twayasema kwa sababu insha nyingi juu ya uaminifu humwahidi msomaji kuwa mwisho wake ni faida, na msomaji asipoiona faida hudhani kuwa amedanganywa, akaacha na uaminifu wenyewe. Yafaa tuseme kweli: pengine kusema kweli ni hasara. Swali ni nani atakayeibeba hasara hiyo. Kutu ilikuwa yetu. Iliota nyuma ya jiko letu, katika miaka ya uzembe wetu. Lau tungeificha isingetoweka. Ingehamia tu Kisoro, ikawangojea watu wengine juu ya mteremko, wakiwa wamekaa juu ya magunia ya viazi. Kamusi kumi na tano ni bei kubwa kwa shule kama yetu, lakini hatukuwa na haki ya kuwalipisha watu wale.

Nasi walimu tunatumia brashi hiyo kila siku. Mwalimu anayemwita mwanafunzi kando, akamwonyesha makosa yake bila darasa kusikia, amemsitiri: wenzake hawahusiki, naye mwenye haki ya kujua amejua. Mwalimu anayempandishia mwanafunzi huyo alama ili shule ipate sifa, amemficha: mtoto na mzazi, ambao ndio wenye haki, ndio walionyimwa habari, na mwenye faida ni mwalimu. Machoni pa mgeni matendo haya mawili yafanana, kwa kuwa katika yote mawili darasa halikusikia kitu. Tukiwa tunasahihisha insha tunalikuta jambo hilo hilo: methali tano nzuri zimepakwa juu ya wazo ambalo halikufikiriwa. Mara ngapi tumeipa insha hiyo alama za juu kwa sababu ilimeremeta, wala hatukuchukua nyundo kuigonga?

Basi tunawashauri walimu wenzetu, watakapoyafundisha yale maneno matatu, wasiridhike na jibu kuwa yana maana moja. Wawape wanafunzi mfano wa chasisi, au mfano mwingine wo wote wa huko waliko: paa lililozibwa, mtumbwi uliosilibwa, ukuta uliopakwa chokaa. Wawaulize ni nani aliyeitwa kuona kabla ya kufunikwa. Gari letu lingali likipanda na kushuka milimani, na mwenye nalo hutupigia simu mara moja moja kutuuliza juu ya jambo hili au lile la injini. Juu ya chasisi hajatuuliza neno. Aliiona mwenyewe.